Kitambaa Chekundu cha Mehne

Baba yangu mzazi alikuwa mtani hodari kuliko wanaume wote wa bonde la Mto Tongue, na hiyo ndiyo sababu sijapata kumwita baba. Aliitwa Mbweha Kilema, ingawa miguu yake ilikuwa mizima na yenye kasi. Jina hilo alilirithi kwa amu yake, kama ilivyo desturi yetu sisi Wacheyenne, na amu huyo ndiye aliyekuwa kilema, tena mtu wa heshima. Mrithi alilichukua jina, heshima akaiacha.

Nayaandika haya theluji ikiwa imefika kwenye kizingiti cha mlango. Habari za viumbe wa chini hazisimuliwi majira ya joto. Mwenye kuzisimulia wakati nyoka wako nje, yatakayompata asinilaumu mimi.

Nimeyapokea kwa mjomba wangu, Unyoya Mkavu, na kwa bibi yangu mzaa mama. Mama, ambaye jina lake lilikuwa Mwerezi, hakuyasema kamwe. Mimi nilikuwepo, ila nilikuwa tumboni mwake.

Mwaka ule kambi yetu ilikaa chini ya jabali jekundu, pale mto unapokata kona na kuacha kilindi cheusi kisichoganda hata katikati ya baridi. Nyati walikuwa wamekwisha. Tulikula ng'ombe wa mgao wa serikali ya Wazungu, wembamba kama waliowaleta walivyokuwa wanene, na mahema mengi yalikuwa ya turubai badala ya ngozi. Lakini kilindi kilikuwa kilekile, na aliyekaa ndani yake alikuwa yuleyule.

Mehne, nyoka mkubwa wa majini, ana pembe. Ana manyoya kama nyati aliyelowa, na mwili mrefu ambao hakuna mtu aliyeona mwanzo na mwisho wake kwa mara moja. Mmoja wao yumo ndani ya lile jabali mpaka leo, mifupa mitupu iliyogeuka jiwe, pingili za mgongo kubwa kama vyungu. Ngurumo ilimpata alipotoka kujianika. Ngurumo na mehne ni maadui tangu dunia ilipotengwa, huyu akapewa juu na yule akapewa chini, nasi tukawekwa katikati, mahali palipo pabaya kuliko pote. Kwa hiyo mtu mwenye akili hachoti maji kilindini mikono mitupu. Huacha chembe ya tumbaku, au kipande cha nyama, au utepe wa kitambaa kwenye mierebi ya ukingoni, anasema neno lake, kisha ndipo anainama.

Baada ya ngurumo ya kwanza ya mwaka, mjomba alikwenda pale peke yake akafunga kitambaa chekundu, kipana, kipya, cha thamani kuliko chochote alichokuwa nacho wakati huo. Hakumwambia mtu kilikuwa cha nini. Asingeweza. Kilikuwa cha dada yake, aliyekuwa mjamzito na ambaye alichota maji pale kila asubuhi. Na mwanamume wa kwetu akishapevuka hasemi na dada yake, wala hamzungumzii mbele za watu. Humpenda kwa kukaa mbali naye. Humlinda kwa kumpa kisogo. Leo vijana wanacheka desturi hiyo. Nami nawauliza: ninyi mnaosema na dada zenu mchana kutwa, mmewaombea nini?

Shemeji, kwa upande mwingine, ni mtu wa kutaniwa. Hilo nalo ni sheria. Shemeji anaweza kukumwagia mchuzi, kukukata nywele ukiwa umelala, kukutukana sura na nasaba mbele ya wageni, na atakayekasirika ndiye aliyeshindwa. Mbweha Kilema alimkata mkia farasi wa mjomba, akamwacha mnyama amebaki na kisiki. Mjomba alisubiri mpaka siku wageni wa kabila la Kisioux walipofika, akaingia alfajiri akamshonea Mbweha miguu ya suruali kwa nyuzi za mshipa, kisha akasimama mlangoni na uso mkavu akaita, "Amka, shemeji, vaa upesi, wageni wamefika, sitanii!" Mbweha alitoka akirukaruka kama samaki, akaanguka kifudifudi mbele ya wazee wa Kisioux. Kambi ilicheka mpaka jioni.

Mbweha naye alicheka. Lakini bibi alisema meno yalicheka, macho hayakucheka. Wazee walikuwa wameanza kumwita mjomba aketi nao walipokuwa wakivuta kiko, na minong'ono ilikuwa kwamba kiti cha uchifu kilichoachwa na marehemu mmoja kingekuwa chake. Mbweha alikitaka kiti hicho. Tangu siku ile utani wake ulikuwa na mwiba ndani ya manyoya.

Utani una ukuta mmoja, nao ni huu: dada hatajwi. Juu ya mengine yote, cheka upendavyo.

Asubuhi moja Mbweha alipita katikati ya kambi akimvuta mbwa wake mkubwa wa manjano, na mbwa huyo alikuwa amefungwa kitambaa chekundu kifuani na kuzungushwa mgongoni kama mzee aliyejitanda blanketi.

"Shemeji!" akaita mbele ya hema la mjomba. "Toka umwone mwenzako! Nasikia wazee wanatafuta chifu mpya, nikaona nimvike huyu mapema. Habweki ovyo, hakasiriki, na akirushiwa mfupa anashukuru. Wewe umemshinda wapi?"

Watu walicheka. Kisha wanawake wakakitambua kitambaa, na kicheko kikafa kama moto uliomwagiwa maji.

Mjomba alitoka. Alimtazama mbwa, akamtazama mwenye mbwa.

"Umekitoa wapi?"

"Mtoni. Kilikuwa kinaning'inia kwenye mierebi kama ulimi wa mlevi."

"Kirudishe."

"Mwenyewe hakukitaka! Nilimwuliza kwa adabu, 'Ewe mwenye pembe, utavaa?' Kimya. Nikamwambia, 'Basi mbwa wangu atavaa.' Kimya. Anayenyamaza amekubali, au siyo, jamani?"

"Mbweha," mjomba akasema, "kirudishe leo, kwa mkono wako mwenyewe, uweke na tumbaku juu yake."

"Haa! Mmesikia? Ananiita kwa jina, kama tumekutana jana! Shemeji, ukinuna hivyo mestaa atakimbia, nani atatutishia watoto?" Mestaa ni lile zimwi la masikio makubwa ambalo akina mama huliita mtoto anapokataa kulala, na kweli watoto wawili waliosimama pale walimtazama mjomba wakasogea nyuma.

"Sitanii."

"Ndivyo ulivyosema suruali yangu ilipokuwa na nyuzi!"

Hapo kambi ilicheka tena, ikicheka kwa haya lakini ikicheka, na Mbweha akaondoka na mbwa wake, akimpigia makofi.

Angalieni jinsi mjomba alivyofungwa. Kumpiga shemeji kwa ajili ya utani ni aibu, na mtu anayetarajiwa uchifu akipiga amejivua mwenyewe. Kumwambia kweli hakufai, kwa sababu baina yao kweli ilikuwa imekosa pa kukanyaga. Na yule aliyepaswa kuonywa kuliko wote alikuwa ndiye asiyeweza kusemeshwa.

Alikwenda kwenye hema la mama yake. Mwerezi alikuwa ndani, ameketi upande wa wanawake, akiponda nyama kavu kwa jiwe. Mjomba aliketi karibu na mlango, akampa dada yake mgongo, akasema na bibi.

"Mama, mkweo amemvisha mbwa sadaka ya kilindini."

"Nimesikia vicheko," bibi akasema. "Nikadhani ni upuuzi wa kila siku. Si ukamnyang'anye!"

"Nikimnyang'anya mbele ya watu, tutapigana."

"Basi nenda ukafunge kingine."

"Si mimi niliyechukua, Mama. Maji yanaujua mkono uliochukua. Yanataka mkono huo, au wa nyumba hiyo."

Bibi akauliza, "Na kitambaa kile ulikifunga kwa ajili ya nini?"

Mjomba alichukua kijiti akakivunja vipande.

"Kuna mtu," akasema, "anayechota maji pale kila asubuhi, na siku hizi ndani ya ngozi yake hayuko peke yake. Nilimwombea. Sasa maombi yamefungwa kwenye mgongo wa mbwa. Mama, mtu huyo asisogelee maji mpaka kitambaa kirudi. Mwambie."

Jiwe la kupondea lilikuwa limenyamaza. Hakukuwa na haja ya bibi kumwambia mtu chochote.

Jioni ile Mwerezi alimkabili mumewe. Bibi aliyasikia kwa sababu turubai halina siri.

"Nipe kile kitambaa."

"Kaka yako amekutuma?"

"Kaka yangu hasemi nami."

"Basi mrudishie jibu kwa njia ileile asiyosema nawe. Mwambie mbwa amekipenda."

"Mbweha, nina mtoto tumboni."

"Na mtoto huyo atakuwa na baba asiyeogopa dimbwi! Nimeogelea pale tangu utotoni. Unajua nilichokutana nacho? Samaki. Kaka yako na wazee wake wanataka tuogope kila kitu, mpaka tuwaombe ruhusa ya kunywa. Lala."

Naandika maneno yake kama yalivyo, nisije nikaambiwa nimemzulia. Alikuwa na ulimi mzuri. Wapo watu ambao Muumba amewapa ulimi mzuri ili wengine wajue adhabu inafananaje.

Mama yangu hakulala. Aliwaza kwamba mkono wa mume na mkono wa mke huingia chungu kimoja. Kama maji yalitaka mkono wa nyumba ile, mkono wake ulikuwa wa nyumba ile. Asubuhi Mbweha alikwenda chini ya miti ya mtoni kucheza mchezo wa mifupa, ambapo mmoja huficha mfupa kiganjani na wengine hubahatisha mkono gani, ngoma ikipigwa na watu wakiimba. Alipokwisha kuondoka, mama alimwita mbwa, akamvua kitambaa. Kilikuwa kimechanika pembeni na kunuka mbwa. Alikikunja, akaweka tumbaku ndani, akaenda kilindini.

Mjomba alikuwa mlimani na farasi. Kutoka pale aliona kila kitu kama mtu anavyoona kiganja chake: wachezaji chini ya miti, na mbele yao, mwendo wa mshale mmoja tu, kilindi, na ukingoni, mwanamke aliyevaa gauni la bluu. Alijua ni nani. Aligeuza uso, kama adabu inavyomtaka. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa kijana, akaugeuza tena akatazama.

Mwerezi alitupa kitambaa. Maji yale hayana mkondo, jani likianguka pale asubuhi utalikuta pale jioni. Lakini kitambaa kilirudi. Kilikuja taratibu mpaka miguuni pake, kama kitu kibovu kinachorudishwa kwa aliyekiuza. Akakifungia jiwe akakitupa tena, mbali zaidi. Kikazama, kikaibuka bila jiwe, kikarudi.

Kitu kilichochukuliwa kwa mzaha hakirudishwi kwa kutupwa. Mama alilielewa hilo. Alikishika kwa mikono miwili mbele yake, kama mtu anayempelekea mgeni chakula, akaingia majini. Yalimfika magotini, kisha kiunoni. Mjomba alikuwa ameshampanda farasi mtupu, bila tandiko. Alipofika nusu ya mteremko, mwanamke wa gauni la bluu hakuwepo tena. Palikuwa na duara juu ya maji, linapanuka.

Waliokuwa karibu zaidi ni wale wacheza mifupa. Mbweha angeweza kufika kwa pumzi moja. Mjomba akapaza sauti iliyosikika mpaka mahemani:

"Mbweha! Mkeo! Mkeo yumo kilindini!"

Ngoma ikanyamaza. Mbweha alikuwa amepiga magoti katikati ya duara, ngumi mbili mbele, mfupa ndani ya moja, naye alikuwa anashinda. Akatupa kichwa nyuma akacheka.

"Sikieni hiyo! Leo amemkanyaga hata dada yake ili nifungue mkono! Shemeji, hapo umetia fora, hiyo ni kubwa kuliko suruali! Lakini hunipati!"

Mzee mmoja wa upande wa pili alisimama. "Kijana, huyo hatanii. Mtu hamtaji dada yake kwa utani."

"Kaa, mzee wangu, kaa. Unataka nisahau mfupa uko wapi. Piga ngoma, wewe!"

Na ngoma ikapigwa. Huyo aliyepiga aliishi miaka mingi, nami nilimfahamu. Hakuwahi kupita mbele ya nyumba yetu.

Mjomba alipita na farasi katikati yao, kwato zikapasua ngozi ya ngoma ile, akajitupa kilindini na nguo zake.

Aliniambia mara moja tu yaliyokuwa chini, nami sikumwomba ayarudie. Palikuwa na giza la baridi, na ndani ya giza akazipata nywele za dada yake. Alivuta. Hazikuja. Kitu kilikuwa kimemzunguka kiunoni. Akateremsha mkono akakigusa. "Kama ungekuwa mzizi," aliniambia, "ningeukata. Lakini mzizi hauna joto." Yalikuwa manyoya mazito yaliyolowa, na chini ya manyoya mwili unaopanda na kushuka, ukivuta pumzi mahali pasipo na hewa. Haukuwa na haraka. Ulikuwa umeketi na mama yangu kama mtu anayekaa na haki yake.

Kisu alikuwa nacho. Hakukipeleka kwenye manyoya. Kiumbe wa chini hupigwa vita na Ngurumo, si na mwanadamu. Alijikata mwenyewe: kipande cha ngozi na nyama ya mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, kama wanavyojikata watu wanapoweka nadhiri, akakiachia kizame. Kovu lile nimeliona, upana wa majani mawili ya mwerebi. Alisubiri. Kifua chake kilikuwa kinataka kupasuka. Kisha manyoya yakalegea, yakapita kwenye mguu wake taratibu, yakipita, yakipita, hayaishi kupita, na dada yake akawa mwepesi mikononi mwake.

Aliibuka naye. Alimlaza ukingoni, akamkandamiza mgongo mpaka maji yakamtoka kinywani na puani, na akakohoa, na akapumua. Mikono yake ilikuwa mitupu. Kitambaa kilikuwa kimepokewa.

Hapo ndipo Mbweha Kilema alipofika, akitembea, na wenzake nyuma yake. Alikuwa bado na mfupa mkononi. Aliona mkewe amelala mchangani, gauni limemganda mwilini, na kaka yake amepiga magoti juu yake, ameshika mabega yake kwa mikono. Pengine moyo wake ulishituka. Sijali. Mtu huhukumiwa kwa kilichotoka, na kilichotoka ni hiki:

"Aa, kumbe! Hamsemezani, lakini kuoga mnaoga pamoja?"

Wenzake waligeuza nyuso. Yule mzee alijifunika kichwa kwa blanketi. Hata ndege walinyamaza, alisema bibi, ingawa bibi hakuwepo, na katika hilo namruhusu.

Mjomba alisimama. Damu ilikuwa inamtiririka mpaka kwenye vidole, na kwa mkono ule mwingine akachomoa kisu. Hakupaza sauti. Hakumwita shemeji. Alitembea kuelekea kwake kama mtu anayeendea kazi, na Mbweha, aliyekuwa na kasi kuliko wote, hakukimbia, kwa sababu hakuwa ameamini bado kwamba kuna kitu duniani kisichokuwa utani.

Mcheyenne akimwua Mcheyenne, ile Mishale Mitakatifu inayolinda taifa letu lote huingia damu. Wanyama huwakimbia wawindaji. Mwuaji huoza kwa ndani mpaka pumzi yake inanuka, hakuna anayekula naye chungu kimoja, naye hufukuzwa. Kila aliyekuwa pale aliyajua hayo, na hakuna aliyesogea kumzuia, kwa sababu kila mmoja aliona kwamba angefanya vivyo hivyo.

"Kaka."

Mjomba alisimama kama aliyepigwa. Alikuwa hajaisikia sauti hiyo ikimwelekea tangu walipokuwa watoto wa kuchimba viazi pori pamoja.

"Kaka, rudisha kisu alani," mama yangu akasema. Alikuwa ameegemea kiwiko, mchanga usoni. "Ukimwua huyu, watakufukuza, na mtoto huyu atakosa mjomba. Baba ameshamkosa."

Mjomba hakugeuka kumtazama. Alisimama mpaka pumzi zake zikatulia. Kisha akafuta kisu kwenye paja, akakirudisha alani, akampita Mbweha karibu kiasi cha kugusana bega, akaenda kumtafuta farasi wake. Wazee walimpa kiti mwaka uliofuata. Walisema walikuwa wamemwona mtu akimeza moto.

Mama alikwenda nyumbani kwa miguu yake, akikataa mkono wa mtu. Hema ni la mwanamke. Yeye ndiye aliyelishona, yeye hulisimamisha na yeye hulikunja. Akiwa bado amelowa, alianza kutoa nje vitu vya mumewe: tandiko, bunduki, blanketi, mfuko wa kiko, viatu vya ngozi alivyomshonea. Hakuvitupa. Aliviweka chini kimoja kimoja, vizuri, kama mtu anayepanga vitu vya marehemu.

Kambi nzima ilikuja kutazama. Mbweha alisimama mbele ya vitu vyake.

"Jamani, mke wangu anafagia!" akasema. "Mwezi huu amechelewa kidogo."

Mtu mmoja alicheka kwa mazoea. Mama akatoka na hatamu, akaziweka juu ya tandiko, akaingia ndani.

Ndipo uso wa Mbweha ukabadilika. Wapo wanaosema alilia. Alisogea mpaka mlangoni, lakini hakuthubutu kuinua pazia.

"Mwerezi," akasema, na sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Mwerezi, nisikie. Nimekosa. Nitakwenda mwenyewe kilindini, nitakata mkono wangu wote kama maji yanautaka. Usinitoe. Nakupenda. Nasema kweli."

Watu wakacheka.

Hawakucheka kwa ukatili. Walikuwa wamezoea kucheka kila alipofungua kinywa, na walidhani huu ndio mwanzo wa mzaha mwingine, tena mzuri. Wakangoja mwisho wake. Aliwageukia. "Nasema kweli!" akapiga kelele, nao wakacheka zaidi, na mwanamke mmoja akajishika mbavu. Aligeuka huku na huku akitafuta uso mmoja usiocheka.

Akaupata. Bibi yangu alitoka ndani ya hema.

Tangu siku ya harusi bibi hakuwahi kumtazama mkwewe, wala mkwe hakuwahi kumtazama yeye. Alipopita, bibi alijifunika gubigubi. Alipokuwa ndani, bibi alikaa nje hata mvua ikinyesha. Ndivyo mkwe anavyoheshimiwa kwetu. Sasa alitoka kichwa wazi. Blanketi aliliacha ndani. Alitembea mpaka mbele ya Mbweha Kilema, akasimama, akauinua uso wake mzee, akamtazama machoni, bila haraka, kama mtu anayekagua farasi wa jirani.

Kicheko kilikatika.

"Kumbe una jicho moja dogo kuliko jingine," bibi akasema. "Muda wote huu sikujua. Nenda zako, kijana."

Vitu vilivyopangwa nje hakuwa amevielewa, wala kisu hakuwa amekielewa. Uso ule aliuelewa. Aliinama, akainua tandiko.